Siki: Matumizi Yake Jikoni na Katika Usafi wa Nyumba

Siki ni miongoni mwa bidhaa ambazo hazikosekani katika nyumba nyingi za Unguja. Hutiwa katika achari, katika kachumbari na katika nyama ya mishikaki. Husafishiwa birika lililoganda chokaa. Na siku hizi husifiwa pia kuwa ni dawa ya kila doa na kila maradhi. Kwa kuwa ni chakula, watu wengi huidhania kuwa haiwezi kudhuru. Na kwa kuwa husafisha baadhi ya vitu vizuri sana, hudhaniwa kuwa husafisha kila kitu. Dhana zote mbili zimewatia watumiaji hasarani, na pengine hatarini.

Katika somo hili tunaeleza siki ni nini, namna ya kuichagua dukani, mahali inapofaa na mahali isipofaa kabisa. Msomaji atakayeshika jambo moja tu, yaani kwamba siki ni asidi, ataweza kujiamulia mwenyewe mengi ya haya yanayofuata.

1. Siki ni nini?

Siki ya asili hupatikana kwa hatua mbili. Kwanza, hamira hula sukari iliyomo katika maji ya matunda, nafaka au utomvu wa mnazi na kuigeuza kuwa kileo. Pili, aina nyingine ya vijidudu, ambavyo huhitaji hewa, hukigeuza kileo hicho kuwa asidi ya siki. Wazee wa pwani walilijua jambo hili kwa macho: tembo la mnazi likiachwa wazi kwa siku kadhaa huchachuka zaidi na zaidi, mpaka halinyweki tena kama tembo, bali hutumika kama siki.

Ipo pia siki inayotengenezwa kwa kuchanganya maji na asidi ya siki iliyotoka kiwandani. Siki ya namna hii haikupitia uchachukaji. Ikitengenezwa kwa asidi inayokubalika kwa chakula na kwa kiwango sahihi, inaweza kutumika. Lakini mnunuzi ana haki ya kuambiwa wazi kwamba ndiyo anayoinunua, wala asiuziwe kwa jina na bei ya siki iliyochachuliwa.

Siki ya mezani kwa kawaida huwa na asidi ya asilimia 4 hadi 5, na nyingine huzidi kidogo. Sehemu iliyobaki takriban yote ni maji. Asidi hiyo kidogo ndiyo inayotia ukali ulimini, ndiyo inayozuia achari isioze, ndiyo inayoondoa chokaa katika birika, na ndiyo hiyo hiyo inayoweza kuharibu sakafu na ukuta.

2. Namna ya kuchagua siki dukani

Kabla ya kulipa, mtumiaji aigeuze chupa na kusoma lebo. Tunashauri atafute mambo yafuatayo:

- jina la bidhaa, na maelezo ya iwapo ni siki iliyochachuliwa au ni asidi iliyochanganywa na maji;
- kiwango cha asidi kwa asilimia;
- viambato vyote, pamoja na rangi iliyoongezwa, kama ipo;
- ujazo, jina na anuani ya mtengenezaji au aliyeiingiza nchini;
- tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi;
- alama ya ubora ya Taasisi ya Viwango Zanzibar (ZBS) au ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Kiwango cha asidi kina uzito mkubwa katika bei pia. Tuchukue mfano wa kufikirika. Chupa ya kwanza ni ya nusu lita, ina asidi asilimia 5, na inauzwa shilingi 2,000. Chupa ya pili ni ya lita moja, ina asidi asilimia 2, na inauzwa shilingi 3,000. Kwa haraka ya jicho, chupa kubwa ndiyo rahisi. Lakini ile ndogo ina takriban gramu 25 za asidi, na ile kubwa ina gramu 20 tu. Mnunuzi wa chupa kubwa amelipa zaidi, amepata asidi pungufu, na maji ameyanunua kwa bei ya siki. Zaidi ya hayo, akiifanyia achari, achari hiyo haitadumu.

Tunawatahadharisha watumiaji wasinunue siki inayopimwa kutoka kwenye dumu na kutiwa katika chupa ya maji au ya soda isiyo na lebo. Mnunuzi hana njia ya kujua kama dumu hilo lina siki ya mezani au asidi kali ambayo haikuchanganywa ipasavyo. Asidi ya siki isiyopunguzwa nguvu huchoma ngozi, macho na koo, na kuinywa kunaweza kuua. Rangi yake ni ile ile ya maji.

Siki imetajwa kwa sifa njema katika Hadithi za Mtume (S.A.W.), na Waislamu wengi huipenda kwa sababu hiyo. Baadhi ya chupa za kutoka nje huandikwa kuwa siki imetokana na mvinyo. Hukumu ya siki ya namna hiyo ni suala la maulamaa. Wajibu wa mfanyabiashara ni kwamba lebo iseme kweli, ili mnunuzi aulize akijua anachokiulizia.

3. Siki jikoni

*Achari.* Asidi huzuia vijidudu vingi viozeshavyo chakula visikue, na kwa hivyo siki huhifadhi. Lakini huhifadhi pale tu nguvu yake inapotosha. Siki ya asilimia 5 ikichanganywa na maji kwa vipimo sawa hubaki na asilimia 2.5, na hapo imeshuka chini ya kiwango cha kutegemewa. Kwa achari ya maembe tunashauri utaratibu huu:

1. Kata kilo moja ya maembe mabichi yaliyooshwa vizuri na kukaushwa. Changanya na vijiko vitatu vya chakula vya chumvi na kijiko kimoja cha manjano.
2. Anika juani siku moja au mbili, yakiwa yamefunikwa kwa kitambaa chepesi kuzuia nzi na vumbi.
3. Chemsha nusu lita ya siki ya asilimia 5, bila ya kuongeza maji, pamoja na pilipili, thomu na tangawizi. Tumia sufuria isiyoshika kutu au ya udongo wa kung'aa isiyobambuka. Usitumie sufuria ya alumini wala chombo cha shaba, kwa sababu asidi hula madini hayo na kuyaingiza katika chakula.
4. Tia maembe katika chupa za kioo zilizochemshwa, kisha mimina siki mpaka iyafunike kabisa. Kama haikutosha, ongeza siki, si maji.
5. Hifadhi ndani ya friji, na chota kwa kijiko kikavu na safi.

Achari iliyoota ukungu, iliyotoa povu au iliyovimbisha kifuniko itupwe. Kuondoa ukungu wa juu na kula kilichobaki chini si salama.

*Nyama.* Siki hulainisha nyama ya mishikaki kama ilivyo kwa ndimu au ukwaju. Nyama ikishatiwa siki na viungo iwekwe ndani ya friji, katika chombo cha kioo au cha plastiki ya chakula, wala isiachwe mezani kutwa nzima. Siki haiilindi nyama mbichi kwa joto letu la Kaskazi.

*Samaki.* Hapa tunaomba msomaji asimame kidogo. Siki, kama ndimu, huondoa shombo, kwa sababu asidi huvifunga vile viini vinavyotoa harufu hiyo. Kwa samaki mzima na mbichi aliyetoka Darajani asubuhi, hilo ni jambo jema. Lakini kwa samaki aliyekwisha haribika, siki huondoa harufu na kuiacha sumu. Jodari, nguru na vibua wakikaa juani bila ya barafu hufanya ndani ya nyama yao sumu iitwayo histamini. Sumu hiyo haiondoki kwa siki, wala kwa ndimu, wala kwa kukaangwa, wala kwa kuchemshwa. Aliyemla huanza kuona uso ukiwaka na kuwa mwekundu, kichwa kikimuuma, mwili ukimwasha na moyo ukimwenda mbio, pengine kabla hajaondoka mezani. Akifika hali hiyo apelekwe hospitali bila ya kuchelewa, khasa akiona tabu ya kupumua. Kanuni yetu ni hii: samaki ambaye lazima atiwe siki ndipo alike, asinunuliwe.

*Mboga na matunda.* Kuosha mboga kwa siki hupunguza vijidudu, lakini hakuvimalizi. Zanzibar inaijua kipindupindu tangu zamani: maradhi hayo yaliua maelfu ya watu mjini katika mlipuko wa 1869 na 1870, na yalirudi tena visiwani katika mlipuko wa 2015 na 2016. Wakati wa maradhi ya kuharisha, kachumbari na saladi zisitegemee siki kuwa ndiyo kinga. Mboga zioshwe kwa maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa ya klorini, au zipikwe, na matunda yamenywe kwa mikono safi. Maji yaliyotiwa klorini yasichanganywe na siki katika karai moja, kwa sababu tutakayoieleza hapa chini.

4. Siki kama dawa

Siki ya tufaha hunadiwa kuwa hupunguza unene, hutibu kisukari na husafisha damu. Tunamshauri mtumiaji asiache dawa aliyopewa na daktari kwa sababu ya maneno ya muuzaji. Siki ikinywewa bila ya kuchanganywa na maji hula utando mgumu wa meno na huunguza koo. Mwenye kutumia sindano za insulini, dawa nyingine za kisukari au dawa za kupunguza maji mwilini amuulize daktari kwanza. Bidhaa ya chakula inayodai kwenye lebo yake kwamba hutibu maradhi inastahili kutiliwa shaka.

5. Siki katika usafi: jaribio dogo

Msomaji achukue ganda la yai, alitie katika gilasi ya siki, na atazame. Baada ya muda mfupi ataona vipovu vinapanda. Akiliacha hadi kesho yake au keshokutwa, atalikuta ganda limekuwa jembamba na laini. Ganda la yai limefanywa kwa madini ya chokaa. Asidi ya siki huyayeyusha madini hayo, na vipovu vile ni hewa ya ukaa inayotoka.

Kisiwa cha Unguja kwa sehemu kubwa ni mawe ya matumbawe, nayo pia ni chokaa. Maji ya visima vyetu hupita katika mawe hayo na kubeba chokaa kidogo. Yakichemshwa kila siku, chokaa huganda katika birika. Kwa hivyo siki ni dawa nzuri ya birika. Tia siki na maji kwa vipimo sawa mpaka yafunike uganda mweupe, pasha moto mpaka karibu na kuchemka, zima, na acha nusu saa. Mwaga, suuza mara tatu, kisha chemsha maji matupu mara moja na uyamwage. Vichwa vya bafu na mabomba yaliyoziba kwa chokaa husafishwa kwa kuloweshwa namna hiyo hiyo, bila ya kupashwa moto.

Siki hufaa pia kwa vioo vya madirisha, ikichanganywa na maji mengi. Kwa kuondoa harufu ndani ya friji. Na, ikichanganywa na chumvi kidogo, kwa sinia na midila ya shaba, mradi chombo kisuuzwe na kukaushwa mara moja. Misumari ya shaba ya milango ya kale isafishwe kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri, si kwa kumiminiwa, ili siki isiingie katika mbao.

Wapo wanaochanganya siki na magadi kwa kuamini kuwa povu lile ndilo linalosafisha. Ukweli ni kwamba vitu hivyo viwili huuana nguvu. Povu likiisha, kilichobaki ni maji yenye chumvi kidogo. Vitumike kimoja baada ya kingine, si pamoja.

6. Kuta na sakafu za Mji Mkongwe

Kinachotokea katika birika hutokea pia ukutani. Nyumba za Mji Mkongwe, uliotiwa katika Urithi wa Dunia na UNESCO mwaka 2000, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, na kushikizwa na kulipuliwa kwa chokaa. Kila masika kuta hizo hupata unyevu na kuota ukungu mweusi, na wapo wanaoshauri zipulizwe siki. Ushauri huo huenda ukafaa kwa kigae au kioo. Kwa ukuta wa chokaa ni sawa na kulitia ganda la yai katika gilasi: uso wa lipu huliwa, huwa mwororo na wenye vinyweleo, hunyonya maji zaidi, na masika yafuatayo ukungu hurudi kwa wingi. Anayepuliza siki kila mwaka anaila nyumba yake kidogo kidogo.

Badala yake, ukungu upigwe brashi ukiwa mkavu, madirisha yakiwa wazi na mdomo na pua vimefunikwa. Kisha itafutwe asili ya unyevu: paa linalovuja, mfereji uliovunjika, bomba linalotiririka ndani ya ukuta. Hilo likishatengenezwa, ukuta upakwe chokaa upya. Chokaa yenyewe ni kinyume cha asidi, na ukungu haupendi kuota juu yake. Tena huuacha ukuta upumue. Kwa matengenezo makubwa, mwenye nyumba aitake shauri Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe kabla ya kuanza.

Tahadhari hiyo hiyo inahusu sakafu za marumaru ya jiwe la asili, terazo na saruji, ambazo hupoteza mng'aro na kubaki na madoa yasiyofutika. Vigae vya kuchomwa huvumilia siki, lakini saruji iliyo baina yake haivumilii. Lulu, simbi na vipambo vya matumbawe visiguswe na siki kabisa. Mwenye shaka na sakafu yake atone tone moja mahali palipojificha: likitoa vipovu, au pakabaki doa baada ya kukauka, siki isitumike hapo.

7. Mchanganyiko unaoweza kuua

Siki isichanganywe kamwe na dawa ya kung'arishia nguo, ambayo wengi huiita jiki. Dawa hiyo ina klorini, na asidi huitoa klorini ikiwa hewa ya sumu. Hewa hiyo huchoma macho, koo na mapafu. Vyoo na mabafu ya nyumba zetu nyingi ni madogo na yana dirisha dogo au hayana kabisa, na anayesafisha huwa ameinama juu ya sakafu, mahali hasa inapokusanyika hewa hiyo, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida.

Hatari haiko kwa anayechanganya kwa makusudi tu. Iko pia kwa anayemwaga jiki chooni, kisha akaongeza siki dakika chache baadaye ili doa litoke vizuri. Na kwa anayetumia ndoo moja kwa dawa mbili bila ya kuisuuza. Mwenye kuanza kuona macho yanawasha na kifua kinabana atoke nje mara moja, aache mlango wazi, asirudi kuchukua ndoo, aoshe macho kwa maji mengi safi, na aende hospitali akiendelea kukohoa au kupumua kwa tabu. Watoto waondolewe mwanzo. Wafanyakazi wa nyumbani na wa nyumba za wageni waelezwe jambo hili kwa mdomo, kwani si kila mmoja wao amepata nafasi ya kusoma kijitabu hiki.

Siki na dawa zote za usafi zibaki katika chupa zake za asili, zikiwa na lebo, mbali na mikono ya watoto. Chupa ya soda iliyotiwa siki ya usafi huonekana na mtoto kuwa ni soda.

8. Mtumiaji akidhulumika

Aliyenunua siki isiyo na lebo, iliyopita muda, au isiyolingana na ilivyoandikwa, asiitupe. Aihifadhi chupa pamoja na kilichobaki ndani, na risiti. Kwanza amrejee muuzaji na kudai kubadilishiwa au kurejeshewa fedha zake. Akikataliwa, malalamiko yanayohusu usalama wa chakula yapelekwe Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar (ZFDA), na yale ya udanganyifu katika biashara yapelekwe Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar. Malalamiko ya mtu mmoja huweza kuliondoa sokoni dumu ambalo lingewafikia wengi.

Mambo ya kukumbuka

- Soma kiwango cha asidi kabla ya bei.
- Usinunue siki ya kupimwa isiyo na lebo.
- Achari hutaka siki ya asilimia 5 isiyotiwa maji, ndani ya chupa ya kioo.
- Siki huondoa shombo. Haiondoi sumu ya samaki aliyeharibika.
- Siki si mbadala wa maji salama wakati wa kipindupindu.
- Birika lipewe siki. Ukuta upewe chokaa.
- Siki na jiki zisikutane, si katika ndoo, si chooni.